Sura ya Saba, Mara ya Tano

Sanduku la vitabu vya msaada lilifika shuleni kwetu Bukoba mjini wiki moja kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiingereza alilifungua kwa bisibisi, sisi tumemzunguka kama kuku walioona mahindi, akagawa bila hata kutazama majalada. Kila mmoja kitabu kimoja, akakisome nyumbani, na shule ikifunguliwa alete muhtasari wa kurasa mbili. Wenzangu walipata wapelelezi, farasi na mapenzi. Mimi nilipata kitabu chenye picha ya baiskeli iliyolazwa kwenye majani. Nilijaribu kubadilishana na watu watatu, wote wakanicheka. Nani alitaka kusoma habari za baiskeli?

Hazikuwa habari za baiskeli. Ilikuwa riwaya ya vijana wa huko ng'ambo, na kwenye ukurasa wa kwanza msichana wa umri wangu anasema, bila kuzunguka, kwamba kaka yake amejiua na kwamba yeye atamuuliza kila mtu sababu mpaka aipate. Niliisoma sentensi ile nikiwa nimesimama kusubiri gari la Kanazi, kijijini kwetu. Nikaweka mzigo chini, nikaisoma tena, halafu nikatoa kamusi, maana nilikuwa na hakika nimeelewa vibaya. Sikuwa nimeelewa vibaya.

Kwetu neno hilo lilikuwa halitamkwi. Watu wazima walipokaribia kulisema walinyamaza kidogo, mmoja akakohoa, kisha wakahamia habari za mvua. Na mimi nilikuwa mtoto wa kiherehere. Nilichapwa kwa kuuliza maswali mara nyingi kuliko nilivyochapwa kwa kuvunja vyombo, na swali lililonichapisha zaidi ya yote lilimhusu baba yangu mdogo.

Huyu alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba wa bibi. Alikwenda vitani Uganda, akarudi mzima. Akaenda visiwa vya Muleba kufanya kazi ya samaki, akarudi tena nyumbani Kanazi, halafu akafa. Wakati huo mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo, na hata hayo niliyaokota moja moja kwa kutega sikio nyuma ya milango. Kaburi lake halikuwamo kibanjani. Kibanja ndilo shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na wafu wa nyumba huzikwa humo humo. Babu yumo, shangazi yumo, na baba yangu yumo tangu nikiwa darasa la sita, alipoondoka na ugonjwa uliokuwa ukitumaliza miaka ile. Baba mdogo alizikwa nje, migomba inapokoma na nyika ya majani tunayoiita rweya inapoanza. Hapakuwa na alama yoyote. Nilionyeshwa mahali penyewe na mtoto mwenzangu tulipokuwa tukichunga mbuzi, naye akaniapisha nisiseme ni yeye.

Hakuna aliyewahi kuniambia kama alikuwa mrefu au mfupi. Picha yake haikuwepo, na jina lake hakupewa mtoto yeyote katika ukoo. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia, lakini nitakuwa nimedanganya. Nilikuwa na udadisi tu, wa kuwasha kama upupu, na sasa mkononi nilikuwa na kitabu kizima kilichoandikwa na mtu asiyeogopa kuuliza.

Baba alipofariki, mama alirudi kwao Muleba, akaanza biashara ya dagaa ufukweni. Mimi likizo nilizimaliza kwa bibi Kanazi, kwa sababu kahawa ilitaka mikono. Mwezi wa sita ni wakati wa kuchuma. Asubuhi tulichuma, mchana tulianika kwenye mikeka uani, na alasiri bibi alikaa kwenye kigoda akichambua, mbovu huku, nzima kule, shavu moja limevimba kwa kahawa ya kuchemshwa aliyoitafuna tangu anaamka. Hakujua kusoma. Barua zote za nyumba ile nilimsomea mimi, na barua za miaka ile nyingi zilikuwa za misiba.

"Unasoma nini kimyakimya kama mtu anayekula peke yake?" aliniuliza siku ya pili.

"Habari za baiskeli, bibi."

"Basi nisomee za baiskeli."

Nilijaribu kumpiga chenga. Nilianza kutafsiri kwa Kihaya, nikasema kuna msichana na kaka yake, na kaka yake amefariki. Kwa ujinga wangu nilidhani atatosheka. Lakini miaka ile hakuna aliyetosheka na neno amefariki.

"Amefariki kwa nini? Ule ugonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Ajali ya hiyo baiskeli?"

"Hapana."

Niliutazama mlango wa jiko, nikautazama mkeka, nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikasema. Nilisema kwa Kihaya, kwa neno lenyewe, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kama ya mtu mwingine. Bibi hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea kuchambua, mbovu huku, nzima kule.

"Endelea," alisema.

Basi tukaendelea, sura moja au mbili kila alasiri, na ninakiri kwamba zilikuwa alasiri za kufurahisha. Bibi alikuwa na maswali kuliko mimi, nami nilikuwa nimedhani udadisi wangu niliurithi kwa mama. Kwa nini kila mtoto ana chumba chake, kwani wamegombana? Huyo mama anayelipwa ili amsikilize msichana akieleza huzuni yake, kwani msichana hana shangazi? Wanakula nini hasa, mbona kila chakula kinatoka kwenye boksi? Palipokuwa na maneno nisiyoyajua nilijaza mwenyewe, na nadhani ile familia ilikula ndizi mara nyingi kuliko mwandishi alivyokusudia.

"Ni kijiji gani hicho?" aliniuliza siku moja.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba aliamini ni habari ya kweli. Katika maisha yake, kilichoandikwa kilikuwa barua, daftari la ubatizo, au Biblia. Hakuna aliyewahi kumsomea uongo. Nilipaswa kumsahihisha pale pale, lakini nilitaka kufika mbele, nikamjibu kuwa ni mbali sana, hata meli haifiki. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Sura ya saba ilikuwa mazishi. Mimi sikuipenda. Ilinichelewesha. Msichana alikuwa ameanza kuwahoji marafiki wa kaka yake na kuandika majibu kwenye daftari, na mimi nilitaka daftari. Nikaisoma mbiombio: shule ilifungwa siku hiyo, kanisa likajaa mpaka nje, vijana wakakumbatiana na kulia, mama mtu akashindwa kusimama, majirani wakamshika huku na huku, na wao pia wanalia.

Mikono ya bibi ilisimama.

"Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo watu walipolia."

Nikarudia. Alinisikiliza akiwa ameitoa kahawa mdomoni, ameishika kiganjani.

"Hao watu walijua? Walijua jinsi alivyokufa?"

"Walijua, bibi. Wote."

"Na wakalia."

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

Nikatazama kitabu. Kitabu hakikusema. "Kwa sauti," nikajibu.

Siku iliyofuata alitaka sura ya saba. Nikamwambia tumeshaisoma, sasa ni ya nane, msichana amepata barua. Akasema ya nane itangoja. Siku ya tatu, ya saba. Siku ya nne, ya saba. Nilikasirika, na nikikasirika huwa nasoma kama mtu anayetema maganda, lakini yeye hakujali. Alikuwa ameanza kuzijua sentensi. Nilipofika kwa majirani waliomshika mama huku na huku, midomo yake ilikuwa inatangulia.

Tulitaka vitu tofauti kabisa kutoka katika kitabu kile. Mimi nilitaka kujua kwa nini. Niliamini kwamba mtu akijiua lazima kuna sababu moja, imekaa mahali, kama ufunguo ulioanguka chini ya kitanda, na mwenye akili ataupata. Bibi hakutaka kujua kwa nini, hata kidogo. Nilipomuuliza yeye anadhani yule kijana alikuwa na shida gani, alinishangaa, akasema, "Shida? Nani hana?" Kisha akaniomba nirudie mahali pa kanisa.

Nilijificha katikati ya mibuni nikakimaliza kitabu peke yangu. Sababu haikupatikana! Msichana anajaza daftari zima, kila mtu anampa jibu lake, na majibu hayaungani. Mwishoni anaacha kuuliza, anaipanda baiskeli ya kaka yake na kwenda kumwagilia maua ya mama yake. Nilikitupa kitabu kwenye majani makavu. Nilijiona nimeibiwa wiki mbili.

Jumamosi bibi alinituma Muleba nimpelekee mama ndizi na kahawa ya kutafuna. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani, kitambaa kimefungwa kichwani, mikono inang'aa magamba. Tulikaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, nami nikamweleza kila kitu kwa kulalamika: kitabu, baiskeli, sura ya saba. Nilitegemea atacheka. Mama hakucheka. Aliniuliza nimeisoma mara ngapi.

"Mara nne."

Akageukia ziwa. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikauma ulimi.

"Siku ile tulilima," alisema.

Asiyekulia kwetu huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Mtu akifa, jembe huwekwa chini. Si kwa wafiwa tu, kijiji kizima. Nyasi zinatandazwa sakafuni, watu wanakuja kulala hapo pamoja na wafiwa, na mtu atakayeonekana shambani na jembe ametukana maiti. Miaka ya ugonjwa, vifo vilipokuja mfululizo, wazee walilazimika kupunguza siku, la sivyo tungekufa kwa njaa tukiwa tunaomboleza. Lakini jembe bado liliwekwa chini mpaka mazishi yamalizike, hata kwa mtoto mchanga, hata kwa mlevi asiye na ndugu.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Aliyekufa kwa mkono wake hakuwekewa jembe chini. Mama alinieleza hayo polepole, akiwa anachambua vijiti kutoka kwenye dagaa. Wanaume wachache walimzika upesi kule nje, wakachoma kilichopaswa kuchomwa, wakanawa. Wazee wakatoa amri kwamba asilie mtu, kwa sababu kumlilia ni kukiita kifo cha namna ile kirudi katika nyumba. Na ili kionekane kwamba hakuna kilichotokea, kila mtu achukue jembe aende shambani. Kanisa nalo halikuja. Ulikuwa wakati wa kupanda maharage.

"Bibi yako alilima kutoka asubuhi mpaka jua linazama," mama alisema. "Hakunywa hata maji. Mimi nilikuwa nyuma yake, wewe mgongoni. Kila nilipotaka kumsogelea aliniambia, lima. Majirani nao walikuwa wanalima, huku na huku, tunasikia majembe yao. Halafu wewe ukaanza kulia. Sijui njaa, sijui jua. Nikataka kukushusha nikunyonyeshe, bibi yako akasema, mwache. Mwache mtoto alie. Nikakuacha. Ulilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyekunyamazisha, maana mtoto mchanga hakatazwi."

Nilimuuliza kama yeye alilia. Akasema alilia alipoolewa na alipofiwa na mume, katikati hapo hakumbuki. Nilimuuliza kwa nini baba mdogo alifanya vile. Labda vita, alisema, labda sivyo. Alikuwa anakula vizuri. Wiki ile ile alikuwa ameezeka upya banda la mbuzi.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama alisimama, akapangusa mikono. "Kamuulize mwenye mtoto," alisema.

Nilirudi Kanazi nikiwa nimeshikwa na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sura mbili. Nilikuwa nimemsomea bibi sura ile kwa kutema maganda. Na nilikuwa nimemwacha aamini kwamba mahali pale papo, kwamba kuna kijiji ng'ambo ya maji ambako mwanawe angeliliwa. La pili niliona naweza kulirekebisha. Alasiri ya Jumatatu, kabla hajaniambia nifungue kitabu, nikamwambia.

"Bibi, hiki kitabu si habari ya kweli. Ni hadithi. Mtu ameitunga tu."

Alitafuna kahawa yake. "Ameitunga nani?"

Nikageuza nyuma ya jalada, palipokuwa na picha ndogo. "Mwanamke. Ana miwani."

"Ana watoto?"

"Wameandika ana wawili."

"Wazima?"

"Hawakuandika, bibi."

Alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Alimtazama yule mwanamke kwa muda, akamsogeza mbali na macho, akamsogeza karibu. "Kwa hiyo hakuna aliyemwambia," alisema. "Alikaa chini mwenyewe, akafikiri, akaona inafaa walie."

"Ndiyo, waitu," nilijibu, nikitumia neno letu la heshima ambalo kwa kawaida alinidai kwa kunikodolea macho.

"Mimi ni mzee," bibi alisema. "Nimewalilia watu wa watu mpaka nimechoka. Nimemlilia baba yako, nimemlilia shangazi yako. Yule wa mwisho sikumlilia, na mimi ndiye niliyemzaa. Nikimkuta huko akaniuliza kwa nini, nitamjibu kwamba nilikuwa napanda maharage?"

Akanirudishia kitabu.

"Soma," aliniambia. "Ya saba. Lakini huyo kijana usimwite kwa jina lake. Mwite kwa jina la mwanangu."

Akalitaja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lile kinywani mwake. Nilisoma taratibu, kila neno mahali pake. Shule ilifungwa siku hiyo kwa ajili yake, nikataja jina. Watu walijaa kanisani mpaka nje, kwa ajili yake, nikataja jina. Kwa kweli nusu ya maneno hayakuwamo kitabuni. Niliwaweka wanaume wa Kanazi wamevua kofia. Niliyaweka majembe chini. Niliongeza nyasi sakafuni, nzuri, ndefu, zimekatwa rweya asubuhi ile. Mama yake aliposhindwa kusimama, majirani walimshika huku na huku.

Bibi aliweka mikono yote miwili kichwani. "Mawe!" alilia, kile kilio chetu cha kumwita mama. "Mawe! Mwana wange!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mdogo kiasi kile. Alianguka ubavu juu ya mkeka, kahawa ikamwagika pande zote, akalia kwa nguvu ya mtu aliyekuwa ameipangia siku hiyo miaka kumi na zaidi. Nilimshika. Nilidhani nimemuua.

Na hapo yakatokea ambayo, kama ningekuwa na akili, ningeyatarajia. Miaka ile ukilia hivyo Kanazi humalizi pumzi tatu kabla watu hawajafika. Walizoea mno. Wanawake walikuja wakifunga kanga viunoni huku wanakimbia, wameanza kulia tangu njiani bila kujua wanamlilia nani. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa kibanja cha juu, mzee karibu sawa na bibi, na mkwewe nyuma yake, kisha wengine wanne au watano. Walinitazama, wakaona mimi ni mzima. Wakatazama mlango wa nyumba.

"Ni nani?" jirani aliuliza. "Ni nani tena, waitu?"

Bibi akaketi. Kanga ilikuwa imemtoka kichwani, mvi zake ziko wazi, kitu ambacho asingekubali kionekane hata na mimi.

"Ni mwanangu," alisema, akalitaja jina.

Kilio kilikatika uani kama redio iliyozimwa. Mkwe wa jirani alininong'oneza sikioni, bibi ameanza kuchanganyikiwa? Mwanamke mmoja, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa wale wazee wa amri, alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akajitanda mabegani, akaondoka bila kuaga. Nilimwangalia mpaka alipopotea kwenye migomba, na nilimchukia kwa miaka mingi, ingawa sasa sina hakika kama alikuwa na ubaya au hofu tu. Waliobaki walisimama. Hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi.

Jirani wa kibanja cha juu alikuwa ameyakazia macho yale matunda ya kahawa yaliyomwagika. "Siku ile," alisema, "nilikuwa nalima pale, karibu kabisa na mpaka. Nilikuwa nakuona mgongo." Hakumalizia. Alipiga magoti kwa shida, akasogea hadi kwa bibi, akamshika upande mmoja, na bila kuambiwa na mtu mkwewe akaenda kushika upande wa pili. Ndipo jirani alipolia. Wengine wakakaa chini pale pale juu ya mikeka ya kahawa, wakalia na wao. Nikalia na mimi, mtu mzima sasa, nikijua kwa nini.

Walilia mpaka jua likaanza kuegemea. Kisha, kama inavyokuwa katika kila msiba, mmoja akapenga kamasi, akaomba maji, na wakaanza kumzungumza marehemu. Niliketi kimya nyuma ya kigoda. Nilikuwa na hofu kwamba nikikohoa tu watakumbuka kuwa nipo na watanyamaza, kama walivyonyamaza siku zote.

Mmoja alisema alikuwa anaogopa bata. Mwanajeshi mzima, amerudi kutoka vitani, bata akimfuata anapanda juu ya kitu. Wakacheka, wakashangaa kwamba wamecheka. Mwingine alisema kwamba mama yake yeye alipougua, marehemu alimbeba kwenye baiskeli mpaka hospitali, na njiani akamsimulia uongo wa samaki aliyemwona visiwani, mkubwa kama mlango wa kanisa, mpaka mgonjwa akasahau kuugua. Bibi alisema si mlango wa kanisa, alikuwa akisema mlango wa nyumba, msimwongezee. Walibishana kama alikuwa mrefu. Mkwe wa jirani, ambaye alikuja kijijini baadaye na hakuwahi kumwona, aliuliza alifanana na nani, na wote, bibi akiwa wa kwanza, wakageuka wakanitazama mimi.

Niligusa pua yangu. Kwa miaka yote ile nilikuwa namtafuta nyuma ya milango.

"Na sauti?" niliuliza. Ilinitoka yenyewe. "Sauti yake ilikuwaje?"

Walijibu wote kwa pamoja, nzito, hapana, nyembamba, ilikuwa ya puani kidogo. Jirani wa kibanja cha juu akawanyamazisha kwa mkono. Alisema wao walikuwa wanamsikia kila siku kwa sababu alikuwa na tabia ya kupiga kelele kutoka barabarani, kabla hata hajaingia kibanjani, kijiji kizima kijue kwamba ana njaa. Alikaa sawa, akainua kidevu, akaweka kiganja kando ya mdomo.

"Mamaaa!" aliita, kwa sauti ya kijana, ya puani kidogo. "Leo mmenibakizia nini?"

Bibi aligeuka kuelekea njia. Aligeuka haraka, kabla hajapata muda wa kufikiri, na mkono wake ukaonyesha jikoni.

"Kipo chini ya jani," alijibu. "Pita ndani ujipakulie."